Pasi Namba Saba

Kipenga alilibeba benchi mwenyewe, hakumtuma mtu. Alilikumbatia kiunoni kama anayecheza nalo muziki wa taratibu, akagonga fremu ya mlango kwa ncha moja, akageuka, akaigonga kwa ncha ya pili, kisha akaenda nalo kinyumenyume hadi ofisini kwake. Wapigapasi sita walimtazama, hata mmoja asinyooshe mkono kumsaidia. Pasi zao sita zilikuwa zimechomolewa, zimesimama wima juu ya visimamio vyake, zinapoa kwa raha zao.

"Kuanzia leo," alisema aliporudi, jasho limeshafika kwenye kola, "hakuna kukaa saa za kazi."

"Hata chooni?" akauliza Mama Mvuke.

Kicheko kilianza kwa Kabati, kikapita kwa mapacha, kikafia kwenye kikohozi cha Mzee Suruali, ambaye siku zote alikohoa akitaka kucheka mbele ya wakubwa. Kipenga alishika filimbi iliyoning'inia shingoni, ile iliyompa jina, akaipuliza mara moja. Hakuna aliyejua ile filimbi ilikuwa na maana gani. Nadhani hata yeye hakujua. Ila alitulia kidogo baada ya kuipuliza, kila mtu na dawa yake.

Alikuwa msimamizi mpya pale dobini, mwezi wa pili huo, na mpwa wa mwenye mali. Mwenye mali mwenyewe dobi zima lilimwita Mjomba, hata Mzee Suruali aliyemzidi umri kwa miaka saba, kwa sababu jina hilo lilisikika mno kutoka kinywani mwa Kipenga. "Mjomba amesema." "Mjomba hapendi." "Nitamwambia Mjomba."

Mama Mvuke alikuwa na miaka kumi na tisa mbele ya meza ya pasi. Mashuka ya hoteli, makoti ya madaktari, nguo za maharusi zenye marinda yasiyo na mwisho, vyote vilipita mikononi mwake vikiwa vimekunjamana, vikatoka vimenyooka. Jina lake alilipata kwa tabia moja: akiudhika, kabla hajasema neno, alitoa pumzi puani kwa sauti, fyuuu, kama pasi iliyobonyezwa. Waliomjua wakisikia fyuuu walirudi nyuma hatua moja.

Siku hiyo alitoa fyuuu mbili.

Hapo ni lazima habari ya pasi kupumzika ielezwe, maana ndiyo iliyoleta yote.

Miaka kadhaa nyuma, pasi tatu ziliungua ndani ya wiki moja. Fundi umeme alizifungua, akanusa ndani, akasikitika kama daktari aliyechelewa kuitwa. Akasema chuma nacho huchoka: pasi ya dobi ipumzishwe robo saa, mara tatu kwa siku, ichomolewe, isimamishwe, ipanguswe tumbo, ipakwe nta. Mjomba, anayezipenda pasi zake kuliko jamaa zake wengi, akatoa amri: pasi isiyopumzishwa isitumike. Kukawa na ratiba ya wiki ukutani. Kuiandika ilikuwa kazi ya Mama Mvuke, aliyekuwa na mwandiko mzuri. Kuipiga muhuri ilikuwa kazi ya msimamizi. Saa nne, saa sita na saa tisa, pasi zilipumzika. Na kwa kuwa mpigapasi bila pasi ni mtu tu kama wewe, watu nao walipumzika. Hakuna aliyewaruhusu, hakuna aliyewakataza. Walikaa tu kwenye lile benchi la mlango wa nyuma, ambalo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi na lilibembea kila mtu akicheka.

Kipenga alipokuja na cheti chake cha usimamizi, alikaa na kikokotoo: robo saa, mara tatu, mara watu sita. Akashika kichwa. Pasi hakuzigusa, alijua Mjomba angemla nyama. Akawagusa watu. Tangu siku hiyo pasi zikipumzika, wapigapasi walihesabu henga za kutundikia nguo. Walikuta henga mia tatu na kumi na mbili saa nne asubuhi. Saa sita zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Saa tisa, utashangaa, bado zilikuwa mia tatu na kumi na mbili.

"Labda usiku zinazaana," alisema Kabati. Kabati alikuwa mpiga pasi wa mapazia, mtu mrefu na mpana aliyepita mlangoni kwa ubavu. Alisema mara chache, lakini akisema, amesema.

Kwa wengine benchi lilikuwa benchi. Kwa Mama Mvuke lilikuwa dawa. Miezi sita nyuma alikuwa amekwenda zahanati kwa ajili ya kichwa kilichomgonga kila jioni. Muuguzi, binti mmoja mwembamba mwenye ulimi usiolala, alimfunga ule mkanda mkononi, akaujaza upepo, akatazama namba, akautoa, akaufunga tena.

"Mama, presha yako imepanda darini na ngazi imeondolewa."

"Sasa?"

"Vidonge utameza, hilo halina mjadala. Lakini niambie, ukitaka kupumzika huwa unafanya nini?"

Mama Mvuke alifikiri. "Napika."

"Kutoka kwenye pasi unakwenda kwenye jiko? Hiyo si kupumzika mama, hiyo ni kuhama moto." Binti akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Robo saa. Mara mbili, mara tatu kwa siku. Kaa chini. Miguu kwenye beseni la maji ya baridi, maana kwa kazi yako hiyo miguu inasimama tangu asubuhi. Vuta pumzi ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita. Usimuwaze mtu. Ukishindwa, muwaze mtu usiyemjua."

"Na hiyo inauzwa wapi?"

"Haiuzwi. Ndiyo maana husikii mtu akiitangaza."

Alifanya kama alivyoambiwa, kwanza kwa kuona haya, kisha kwa ukaidi, kisha kwa kuipenda. Maji aliyachota ya mwisho ya kusuuzia, ambayo yangemwagwa tu. Beseni lilikuwa la bluu, limeshonwa ufa kwa waya. Mtu asiyemjua wa kumuwaza alimpata: mtu mmoja, mahali fulani, anapanda baiskeli bila haraka, hana mzigo. Siku nyingine alimvisha kofia. Baada ya miezi mitatu namba zilishuka. Kichwa kiliacha kugonga. Nyumbani mumewe alisema siku hizi milango haibamizwi, akadhani bawaba zimetiwa mafuta.

Kwa hiyo benchi lilipoondoka, Mama Mvuke aligeuza ndoo juu chini, akakaa juu yake, miguu ndani ya beseni. Kipenga akaja, akapuliza, akamwandikia barua ya onyo la kwanza, akaondoka na ndoo. Kesho yake alikaa juu ya furushi la mashuka machafu. Barua ya pili, na furushi likapelekwa kufuliwa kabla ya zamu yake. Siku iliyofuata alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Sakafu haibebeki. Kipenga aliitazama muda, kama anayepima, kisha akakubali imemshinda, akaenda kuandika.

Barua ya tatu haikuwa kama zile mbili. Ilisema mfanyakazi huyu akikutwa ameketi tena saa za kazi, atahesabiwa amejiachisha mwenyewe. Chini palikuwa na muhuri wa duara, wino wa zambarau, umepigwa kwa nguvu hadi karatasi imetoboka kidogo.

Muhuri huo Kipenga aliupenda kuliko filimbi. Alitembea nao mfukoni mwa shati, akaupulizia pumzi ya moto, haaa, kabla ya kuugonga. Ukutani alikuwa amebandika tangazo: KARATASI YENYE MUHURI HAICHANWI, HAIFUTWI, HAIJADILIWI. Alikuwa na sababu. Msimamizi aliyemtangulia alifukuzwa kwa kupiga muhuri karatasi za kupokea mashuka sitini ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Siku ya kumfukuza Mjomba alisimama katikati ya chumba cha pasi akanguruma: "Mtu anayepiga muhuri bila kusoma, siku moja ataniuza mimi mwenyewe, na atanikabidhi na risiti!" Kipenga alikuwepo siku hiyo, amekuja kutembea tu. Aliondoka na kazi.

Wiki mbili Mama Mvuke alisimama, akahesabu henga. Kichwa kilianza kugonga tena, kwanza jioni, kisha mchana. Alikwenda zahanati. Muuguzi alitazama namba, safari hii hakutania.

"Umeacha?"

"Nimeachishwa."

"Mama, hizi namba si za kuchezea. Vidonge peke yake havibebi siku nzima ya kazi yako ile. Zungumza na wakubwa zako."

Jumamosi jioni alimsimulia mumewe, kinyozi, mtu wa maneno mengi kama vinyozi wote, aliyekuwa akila huku ameegemeza simu kwenye jagi akitazama mpira.

"Si ukae hapa nyumbani ukirudi?" alisema kinyozi.

"Hapa? Nikikaa hapa dakika moja, mmoja ananiletea shati halina kifungo, mwingine anauliza chumvi iko wapi, na chumvi anaitazama."

"Chumvi iko wapi kweli?"

Fyuuu.

Kinyozi aliisogeza simu. "Basi mvumilie huyo kijana, mama watoto. Atachoka mwenyewe."

"Nitachoka mimi kwanza. Nimeshachoka. Kazi siachi na kukaa siachi."

"Haya, hapo sina la kusema." Akajimegea chakula. "Ila dobini kwenu mambo ni kinyume. Pasi inapakwa nta, inapanguswa tumbo, inaachwa ilale. Mtu anahesabu henga. Ningekuwa wewe ningeomba niajiriwe kama pasi."

Mkono wa Mama Mvuke ulisimama njiani kuelekea mdomoni. Kisha akacheka. Alicheka hadi akaweka tonge chini, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akacheka tena, na kinyozi akaona fahari, akidhani mzaha wake umefana. Hakujua alichokifanya.

Jumatatu alifika dobini wa kwanza. Wenzake walipoingia, walimkuta ameinamia karatasi ya ratiba ya wiki hiyo, rula mkononi. Mistari sita ya juu ilikuwa ileile ya kila siku: Pasi namba moja, saa nne, saa sita, saa tisa, robo saa, *ichomolewe, isimamishwe, ipanguswe tumbo, ipakwe nta.* Na kadhalika hadi namba sita. Chini yake palikuwa na mstari mpya.

Pasi namba saba, saa nne, saa sita, saa tisa, robo saa; *ikalishwe, miguu majini, ivute pumzi kwa nne, itoe kwa sita, isisemeshwe.*

"Saba ni ipi?" akauliza Dada Vifungo, mpiga pasi wa mashati.

"Unaiona imesimama mbele yako."

Mapacha wakashikana mabega. Hao walipiga pasi foronya na vitambaa vidogo, meza moja, na ugomvi wao wa nani kachukua nafasi ya nani ulikuwa na umri sawa na wao. "Tuandike! Nane na tisa. Sisi tusuguane mabega. Mimi kwanza."

"Kwa nini wewe kwanza?"

"Nilizaliwa kwanza."

"Kwa dakika nne!"

"Basi nisugue dakika nne zaidi."

Dada Vifungo alitaka kuimba kwa kinywa kilichofumbwa. Alisema hufanya hivyo akimlaza mtoto, na huwa yeye ndiye anayelala kwanza. Kabati alitaka kulala chali juu ya meza ya kukunjia mapazia. "Meza imenibebea mapazia miaka yote," alisema. "Inibebe na mimi."

Akabaki Mzee Suruali, suruali mkononi, ameitia mstari mkali ambao mtu angeweza kukatia mkate. "Mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu," alisema. "Msinitie kwenye makubwa."

"Basi nisikuandike, mzee wangu?"

Alikohoa. Alitazama meza yake, akatazama dirisha dogo lililokuwa nyuma yake miaka yote, ambalo kazi yake ilimtaka aligeuzie mgongo. "Hebu niandike," alisema. "Pasi namba kumi na mbili. Iangalie dirishani." Akafikiri. "Andika: isiulizwe inaangalia nini."

Saa mbili kamili Kipenga aliingia na muhuri mfukoni. Macho yalikuwa mekundu kidogo, na shavuni alikuwa na michirizi miwili iliyonyooka. Mapacha walikonyezana. Tangu benchi lihamie ofisini, kila mchana mlango ule ulifungwa kwa ufunguo, na kila Kipenga alipotoka alikuwa na alama za mbao shavuni. Hata asiyejua kusoma, shavu lile alilisoma.

"Ratiba iko tayari?"

"Tayari, bosi." Mama Mvuke aliilaza mezani, akainyoosha kwa viganja vyote viwili. Hakuficha kitu. Hakuikunja pembe. Maandishi yake yalikuwa makubwa, ya mviringo, mtoto wa darasa la pili angeyasoma.

Kipenga alitafuta kitu kimoja tu kwenye karatasi ile: nafasi tupu ya kupigia. Akaipata chini kulia. Haaa. Akagonga. Akatazama muhuri ulivyotoka mviringo mzuri, akaridhika, akatia sahihi yenye mkia mrefu, akaenda.

Kabati aliibandika ukutani, chini ya tangazo la muhuri.

Saa nne, pasi sita zilichomolewa, zikapanguswa, zikapakwa nta. Kisha Mama Mvuke alichukua beseni lake, akaenda mlango wa nyuma, akakaa kizingitini. Kizingiti cha saruji, kimejengewa. Huyo Kipenga akikibeba, tumpe medali. Akaingiza miguu majini. Nyuma yake meza ya mapazia ilinung'unika ikimpokea Kabati. Dada Vifungo alianza kuvuma kama nyuki aliyeshiba. Mzee Suruali aligeuza kiti chake cha miaka yote cha kuwekea suruali, akakaa, akaangalia dirishani.

Moyo wa Mama Mvuke ulikuwa ukigonga hadi masikioni, naye alijua kwamba safari hii si presha, ni woga. Barua ya tatu ilikuwa mfukoni mwake. Alivuta pumzi. Moja, mbili, tatu, nne. Mtu wa baiskeli alikataa kuja. Akamwita tena.

Filimbi ilikuja badala yake.

"Mama! Umeketi!"

Alitoa pumzi. Moja, mbili...

"Nasema umeketi! Na nyie wote! Wewe, meza hiyo ni ya nani?"

"...tano, sita." Akafumbua jicho moja. "Bosi, namba saba haisemeshwi. Soma ratiba."

Kipenga aliisoma. Safari hii aliisoma kweli, midomo ikicheza, na alipofika kwenye mstari wa saba masikio yalibadilika rangi. Mkono wake uliinuka kuelekea karatasi. Juu kidogo ya vidole vyake tangazo lake mwenyewe lilimtazama: HAICHANWI, HAIFUTWI, HAIJADILIWI. Mkono ulibaki hewani kama wa mtu anayeaga gari lililokwisha ondoka.

"Nampigia Mjomba," alisema.

"Mpigie," alisema Mama Mvuke, akafumba jicho. "Mwambie aje saa sita, atukute."

Mjomba alikuja saa sita na dakika tatu, mfupi, mpana, kandambili miguuni, miwani imefungwa uzi. Kama kawaida alizipitia pasi kwanza, akizigusa mashikio moja moja kama anayesalimia wajukuu. "Hazijambo?" "Hazijambo, Mjomba." Ndipo akaona watu. Akamwona Kabati chali. Akamwona Mzee Suruali na dirisha lake. Akamwona Mama Mvuke kizingitini, miguu ndani ya beseni, na hakuna aliyeinuka. Mzee Suruali alikohoa, lakini hakuinuka.

"Umesema kuna uasi," Mjomba alimwambia mpwa wake. "Naona watu wamelala. Uasi gani huu wa kulala?"

"Huyu mama ana barua tatu, Mjomba. Leo amewaharibu na wenzake."

"Tuna ratiba," alisema Mama Mvuke. "Iko ukutani."

Mjomba alisogeza miwani, akasoma. Alisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. "Moja hadi sita nazijua, nimezinunua mimi. Saba ni ipi?"

"Ni mimi."

"Wewe ni pasi?"

"Saa za kazi. Jioni ni mke wa kinyozi."

Pacha mmoja alifyonza kicheko. Mjomba hakucheka. "Nani amekubali upuuzi huu?"

"Soma chini kulia, Mjomba."

Kidole kilishuka hadi kwenye mviringo wa zambarau. Kikakaa hapo. Hata Dada Vifungo aliacha kuvuma. Mjomba aligeuka polepole, na kila aliyekuwepo siku ya mashuka sitini aliikumbuka ile sura.

"Hii uliisoma kabla ya kuipiga muhuri?"

Kipenga alifungua mdomo. Ungeweza kuona njia zote mbili zikipita usoni mwake. Akisema hakusoma, atamfuata yule wa mashuka sitini. Akisema alisoma, basi ni yake.

"Niliisoma," alisema.

"Yote?"

"Yote, Mjomba."

"Ukakubali."

"Ni... utaratibu mpya."

"Wa nani?"

Kipenga alimtazama Mama Mvuke. Mama Mvuke alimtazama naye, macho yote mawili, bila huruma na bila chuki, kama unavyotazama kola ngumu ukijua itanyooka tu.

"Wangu," alisema Kipenga.

"Na uasi ulionipigia simu?"

"Nilitaka uwahi, Mjomba."

Mjomba aliguna. Akavua miwani. "Pasi nazipumzisha kwa sababu niliunguza tatu kwa wiki moja," alisema, kwa wote na kwa hakuna mtu. "Watu hawaungui."

Hapo ndipo Mama Mvuke alipotoa miguu majini. Alisimama pekupeku, maji yakichuruzika juu ya saruji yote.

"Mama aliyekuwa meza yangu kabla yangu alianguka hapo uliposimama, Mjomba. Wa makoti aliondoka mkono unatetemeka, mpaka leo kikombe anashikiwa. Pasi zilipoungua ulinunua nyingine. Watu walipoungua ulichukua wengine. Ndio sisi." Akatoa barua ya tatu mfukoni. "Presha yangu imeandikwa zahanati, barua yangu hii hapa. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa kukaa, na uandike hivyohivyo: amefukuzwa kwa kukaa robo saa. Lakini nikiwa hapa, nitakaa. Kizingiti mkikibomoa nitakaa kwenye kifusi chake."

Mjomba alizitazama pasi zake muda wa kutosha kupiga pasi shati la mikono mirefu. Alitazama mahali alipokuwa amesimama, akasogea hatua moja pembeni, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Mwezi mmoja," alisema mwishowe. "Ikitoka shuka hata moja yenye alama ya kuungua, ratiba naifuta mwenyewe."

"Isipotoka?"

"Isipotoka, inabaki."

"Andika," alisema Mama Mvuke.

"Niandike?"

"Andika, Mjomba, halafu mpwa wako apige muhuri. Asome kwanza."

Aliandika. Kipenga alisoma kwa sauti, neno kwa neno, akagonga bila kupulizia pumzi. Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni Mama Mvuke alipomwita tena.

"Mjomba, pasi zote sita zina visimamio. Saba hadi kumi na mbili hazina."

"Kwani benchi la hapa liko wapi?"

Watu sita waligeuza shingo kuelekea ofisini, na Kabati aliteremka mezani akaenda. Alirudi na benchi begani kama fagio. Mkono wa pili alishika sweta lililokunjwa vizuri kuwa mto, na saa ndogo ya kengele.

"Hivi nivirudishe wapi, bosi?" aliuliza kwa adabu kubwa.

Mjomba alimtazama mpwa wake shavuni, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Benchi lilirudi mahali pake, likabembea palepale lilipozoea kubembea. Mama Mvuke aliinama. Barua ya tatu ilikuwa na muhuri, na karatasi yenye muhuri haichanwi, hakuichana. Aliikunja mara mbili, mara nne, mara nane, akaisokomeza chini ya mguu mfupi. Akakaa kujaribu. Benchi halikutikisika.

Mwezi ulipita. Shuka zilitoka nyeupe kama zilivyoingia ndotoni mwa mwenye hoteli, na ile karatasi ya Mjomba ikabaki ukutani. Henga hazikuhesabiwa tena. Kama zinazaana, zizae kwa amani. Kule zahanati, muuguzi alitazama namba, akazitazama tena, akasema ngazi imerudishwa, mama, endelea kushuka.

Siku moja saa tisa Mama Mvuke alikuwa kizani mwa kope zake, mtu wa baiskeli ameshafika, leo amevaa kofia, aliposikia benchi likipokea uzito upande wa pili. Hakufumbua macho. Harufu ilikuwa ya wino. Filimbi haikusikika ikigonga kifungo. Labda ilikuwa mfukoni.

"Mama," alisema Kipenga kwa sauti ndogo. "Usiku silali. Nikilala namwota Mjomba na kikokotoo." Kiatu chake kikakwaruza saruji. "Nikiandikwa mimi, ningekuwa namba ngapi?"

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

"Kumi na tatu," alisema Mama Mvuke. "Beseni njoo na lako."